Amehamishiwa Nyumbani

Anifa alimwita mwanawe mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, mara ya pili kwa ukali, na mara ya tatu hakuita tena: alimchapa mgongoni kwa mguu wa suruali ya jinzi ambayo bado ilikuwa mbichi.

"Maji! Si nimekwambia lete maji?"

Amira aligeuka, macho yamemtoka. Hakulia. Alimtazama mama yake mdomoni, akatazama kopo tupu pembeni ya meza, kisha akalikwapua na kukimbilia kwenye ndoo. Ilikuwa Jumamosi na soko la Mchikichini lilikuwa limefurika. Huku nyuma ya safu za viatu, kwenye kichochoro cha wapiga pasi, moto wa mkaa ulikuwa umechanganyika na jua hata mtu hajui kipi kinamwunguza. Anifa alikuwa akiwapigia watu pasi mitumba yao. Shati likija limejikunja kama karatasi lilivyotoka kwenye belo, likipita mikononi mwake linatoka kama jipya, na mwenye mzigo anapandisha bei. Pasi yenyewe ilikuwa ya mkaa, nzito, na miaka ilivyokwenda mkono wake wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto.

"Huyo binti yako jeuri," alisema Bakili, mwuza suruali wa meza ya jirani. "Wangu mimi angenifanyia vile, angeniona mbaya."

"Anajifanya hasikii," Anifa alijibu huku akinyunyiza maji. "Tangu baba yake aondoke ndiyo kazi yake. Unasema naye, anakuangalia tu kama ukuta."

Baba yake, Fikirini, aliaga kwamba anakwenda Mtwara kwa msimu wa korosho. Misimu ilikuja ikapita. Anifa alikuwa amekwisha kuacha kuhesabu.

Juma lililofuata Mwalimu Evarista, aliyekuwa akifundisha darasa la Amira, aliwapigia wazazi simu. Darasa la nne linapimwa afya, kila mzazi afike. Getini palikuwa pametundikwa bango refu la mradi ulioitwa Nuru Tatu: KOMPYUTA NYUMBANI, AFYA JIRANI, ELIMU KWA WOTE. Mwalimu mkuu, Mwalimu Ridhiwani, alikuwa akizungukazunguka na koti la suti kwenye joto lile, kitambulisho cha mradi kinaning'inia shingoni.

Vipimo vya masikio vilifanyiwa stoo, katikati ya madawati yaliyovunjika, kwa kuwa ndipo palipokuwa na utulivu. Kijana wa mradi aliitwa Ignasi. Alimvisha Amira visikizi vikubwa, akamwekea mbele kishikwambi chenye picha ya ndege ametua kwenye tawi.

"Ukisikia mlio, mguse ndege. Ukimgusa anaruka. Sawa?"

Amira aliitikia kwa kichwa. Akagusa, ndege akaruka. Akagusa tena, akaruka tena. Anifa, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikunja midomo. Si ndiyo haya aliyokuwa akiyasema? Jeuri tu.

Lakini Ignasi hakuwa akitazama ndege. Alikuwa akimtazama mtoto. "Mama, hebu subiri kidogo," alisema, akageuza kiti chake, akampa Amira mgongo.

Ndege akakaa. Akaendelea kukaa. Amira alianza kurefusha shingo, akiinamia kushoto, akiinamia kulia, kama mtu anayemtafuta mwenzake nyuma ya nguzo.

"Alikuwa anayasoma macho yangu," Ignasi alisema alipogeuka. "Nikiutoa mlio kwa simu yangu, natupa jicho kwa ndege bila kujijua, naye anagusa. Ana akili huyu, mama. Lakini hasikii. La kulia hakuna kitu. La kushoto anapata kidogo, tena mpaka upige kelele karibu."

Anifa alicheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, kikavu. "Mbona anaongea?"

"Alijifunza kuongea akiwa anasikia. Masikio yakamwondoka kidogo kidogo. Hata yeye hajui kwamba wenzake wanasikia zaidi."

Kijana alichukua kijiti chembamba chenye taa, akakiunganisha na simu, akakiingiza sikioni taratibu. Kwenye kioo cha simu pakatokea kitu chekundu, kimelowa, na katikati yake shimo.

"Hii ndiyo ngoma ya sikio. Unapaona hapa? Pamepasuka. Amewahi kutoka usaha?"

"Tangu anatambaa. Nilikuwa nampeleka zahanati. Wanasema dawa zimeisha, mfute kwa pamba, usimmwagie maji kichwani, akikua yataacha yenyewe."

Ignasi alikitoa kijiti. "Ulikuwa ugonjwa wa chupa moja ya dawa, mama," alisema, kisha akaona Anifa alivyomkazia macho, akaharakisha: "Lakini sasa dunia imebadilika. Picha hii inakwenda kwa daktari bingwa sasa hivi, hata siinuki hapa. Atasema kama ni upasuaji au ni kifaa cha kusikilizia. Vifaa vinakuja awamu ya pili. Ndani ya miezi mitatu huyu atakuwa anakusikia unavyopumua."

Hakuwa mwongo yule kijana. Aliamini kila alichokisema, na Anifa akakiamini pamoja naye.

Walirudi nyumbani kwa miguu kando ya Barabara ya Uhuru. Pikipiki ilipiga honi nyuma yao, karibu kabisa, na Amira hakushtuka. Anifa alimvuta kwa nguvu hata mkoba ukaanguka. Alisimama pale na watu wanampita, kiganja cha mwanawe kimo mkononi mwake, akiziwaza honi zote ambazo hakuwapo kumvuta.

Jioni alimwogesha uani. Mgongoni palikuwa pamebaki mstari, si mwekundu tena, umeanza kuwa mweusi. Anifa alipaka mafuta ya nazi, akamgeuza mtoto, akamwinamia hadi nyuso zikawa karibu.

"Nisamehe," alisema.

Amira alikunja uso akiitazama midomo ile. "Nikalete maji?" aliuliza.

*

Zilifuata wiki njema. Mwalimu Evarista alimwondoa Amira kule nyuma alikokuwa akikaa na wale waliokwisha kukatiwa tamaa, akamweka mbele kabisa. Dawati halikuwapo, kwa hiyo alikaa chini, miguu ameikunja karibu na ubao. Mwalimu mwenyewe alijifunza kutosema huku amegeukia ubaoni. Akisahau, Amira alikuwa akigonga sakafu kwa penseli, na darasa zima la watoto zaidi ya mia likicheka, naye Mwalimu Evarista akicheka nalo na kugeuka.

Daftari la hesabu likaanza kurudi nyumbani na alama za vema. Anifa alilipeleka sokoni akamwonyesha Bakili.

"Kumbe ni masikio tu!" Bakili alisema, akilipekua kwa vidole vyenye vumbi la belo. "Na sisi tulivyokuwa tunamsema."

"Ni masikio tu," Anifa aliitikia. Alipenda namna neno lile lilivyokaa mdomoni. Tu.

Baada ya likizo ya katikati ya mwaka aliitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Kiti cha wageni kilikuwa kimewekewa maboksi, hivyo akasimama. Mwalimu Evarista alikuwapo pia, kando ya dirisha, chaki mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Amira. Nimekuita kwa heri. Mwanao ana bahati." Mwalimu Ridhiwani alifungua boksi moja, akatoa kishikwambi kipya, akakifuta kwa mkono wa koti. "Humu mna masomo yote, darasa la kwanza mpaka la saba. Atasomea nyumbani, kwa nafasi yake, bila kusukumwa na mtu."

"Akitoka shule?"

"Badala ya shule."

Anifa alimtazama Mwalimu Evarista. Mwalimu Evarista alitazama chaki.

"Darasa la nne wana mtihani wa taifa mwaka huu," mwalimu mkuu aliendelea, sauti yake ya upole kama ya mtu anayebembeleza mgonjwa. "Wapo watoto ambao vipimo vimeonyesha wana mahitaji maalumu. Masikio, macho. Tumeona tuwape mazingira rafiki."

"Lakini tangu akae mbele anafanya vizuri. Muulize mwalimu wake. Juzi hesabu kapata zote."

"Mwalimu wake ana watoto mia na ushee. Hawezi kumfundisha mmoja."

"Anagonga tu sakafu, mwalimu. Anagonga, mwalimu anageuka. Hakuna kingine anachoomba."

Mwalimu Ridhiwani alivua miwani. Bila miwani alionekana amechoka. "Mama, mwaka jana shule hii ilishika mkia kwenye kata nzima. Nilisimamishwa kikaoni mbele ya walimu niliowafundisha mimi, nikaulizwa maswali kama mtoto. Na mimi nina wakubwa wangu."

"Kwa hiyo mnamfukuza."

"Nani kasema kufukuza? Hajafukuzwa. Amehamishiwa nyumbani. Kwenye mfumo bado ni mwanafunzi wetu. Hiki kikiwashwa kila siku, anahesabika amehudhuria. Kisipowashwa ni mtoro, na mzazi wa mtoro unajua anaitwa wapi."

"Humo ndani anafundisha nani?"

"Yumo mwalimu anayeeleza kila kitu. Sauti safi kabisa."

Uwanjani watoto walikuwa wakipiga kelele za mapumziko. Mwalimu mkuu alikuwa amekisikia alichokisema, kwa maana aliinama akaanza kuzipanga kalamu zake mezani, moja baada ya moja.

"Sauti inaongezwa," alisema hatimaye. "Kuna kitufe hapo pembeni."

*

Walikuwa wakiishi Ilala, chumba kimoja katika nyumba ya Bi Waridi, mzee wa mjini aliyezaliwa ndani ya nyumba hiyohiyo na aliyejua kila sauti ya ukumbi wake. Sasa ukumbi ulipata sauti mpya. "Mwanafunzi mpendwa, karibu katika somo letu la leo!" kishikwambi kilipaza kila asubuhi, na wapangaji wakatoa vichwa milangoni.

Siku za kwanza Amira alikikumbatia. Alikibana kwenye taya, akakibana kifuani, akisikiliza kwa mifupa. Kisha akakiweka mbele na kukodolea macho midomo ya yule mwalimu wa kuchorwa. Lakini mdomo wa mchoro ulikuwa ukifunguka na kufumbika kwa namna moja tu, kama wa samaki, awe anasema mbuzi au anasema mlima. Baada ya wiki mbili hakukitazama tena. Alichukua fagio, akafagia uani.

"Mwanangu Anifa," Bi Waridi alisema, "hicho chombo kitanitoa roho. Na umeme nao unakwisha kabla ya siku zake, wapangaji wananiandama mimi."

"Kikizimwa naitwa kwa mtendaji wa mtaa, Bi Waridi."

"Basi mpunguzie sauti. Mtoto mwenyewe si hasikii?"

Anifa alipunguza. Tangu hapo akawa akikiwasha alfajiri, anakiegemeza dirishani, anafunga mlango na kwenda sokoni na Amira, na kishikwambi kinabaki kinakifundisha kitanda.

Kisha sikio la kushoto, lile lililokuwa bado linapata kidogo, likaanza kutoa usaha wenye harufu. Anifa aliacha kazi akampeleka zahanati. Dirishani palikuwa na kompyuta mpya na binti aliyekuwa akiandika bila kutazama vidole.

"Amira Fikirini. Huyu hapa, namwona. Kapimwa, kapigwa picha, kahudumiwa. Faili lake limefungwa."

"Hajahudumiwa, dada. Hebu tazama, linatoka."

Binti aliinua macho, akaona, akayashusha. "Naona, mama. Ila mfumo unasema kahudumiwa na mradi. Nikitaka kumfungulia upya unakataa, mpaka mradi wenyewe wamwachie."

"Mradi wako wapi?"

"Awamu yao ya afya imeisha."

"Na yule kijana, Ignasi?"

"Mkataba wake uliisha nao. Nasikia yuko Dodoma, anauza simu."

Anifa alishika nondo za dirisha. Nyuma yake foleni ilikuwa ikisukuma. "Na ile picha? Si ilikwenda kwa daktari bingwa?"

Binti alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. "Hapa inaonyesha imetumwa," alisema. "Haionyeshi kama kuna mtu aliyeifungua." Kisha, kwa sauti ya chini, akitazama huku na huku: "Mfute kwa pamba, mama. Na usimmwagie maji kichwani."

*

Mwezi wa tisa walikuja wageni. Dada wa Nuru Tatu aliyeitwa Badria, mwalimu mkuu, mpiga picha, na watu watatu waliotabasamu kila walipotazamwa. Bi Waridi alikuwa ametandika mkeka mpya uani. Anifa alikuwa hajalala vizuri kwa kuyapanga maneno yake, na aliyapanga machache ili yasimpotee.

"Mama, tuambie, maisha yamebadilikaje?" Badria alimuuliza.

"Mwanangu hasikii," Anifa alisema. "Mmempa kitu cha kusikiliza."

Mpiga picha alishusha kamera. Badria hakukasirika. Aligusa bega la Anifa kwa mkono uliokuwa na hina mpya. "Ahsante sana, mama. Hiyo ni changamoto, tumeichukua. Sasa tumwone binti yetu."

Wakamketisha Amira mkekani, kishikwambi mapajani. "Gusa mnyama anayetupa maziwa!" kikapaza. Amira aliinua macho. Badria alikuwa amemwinamia, amejaa hamu, na jicho lake likateleza kwenye picha ya ng'ombe. Amira akagusa ng'ombe. Kishikwambi kikapiga makofi. "Gusa mnyama anayebweka!" Macho ya Badria yakaenda kwa mbwa, kidole cha Amira kikaenda kwa mbwa.

"Mama, mbona anasikia!" Badria alipaza sauti, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Wageni wakapiga makofi. Kamera ikainuliwa tena.

"Geuka," Anifa alisema. Alimshika Badria mabega yote mawili. "Dada yangu, nakuomba, geuka utazame ukutani, halafu kimuulize."

"Mama Amira," mwalimu mkuu alisema taratibu, akimjia karibu, "usiwaharibie na wengine."

Anifa alitaka kumgeuza Badria kwa nguvu. Mkono wake wa kulia uliweza. Lakini Amira alikuwa akicheka. Alikuwa ameyaona makofi, watu wazima wamemzunguka wakimpigia yeye makofi, jambo ambalo halijapata kumtokea tangu azaliwe, na alikuwa akigeuza uso huku na huku asikose hata mmoja. Anifa aliachia mabega ya Badria.

Walipoondoka walimwachia fulana yenye jina la mradi.

*

Asubuhi ya mtihani manyunyu ya vuli yalikuwa yakidondoka. Hakuna aliyemwambia Amira. Aliwaona tu watoto wa nyumba ya pili wakichonga penseli na kuvikwa soksi nyeupe, akaingia ndani, akatoka amevaa sare. Anifa, aliyekuwa ameshika mfuko wa mkaa tayari kwa kazi, aliuweka chini.

Getini askari aliitwa Hafidhi. Aliwajua. "Jina halipo, mama," alisema. "Orodha nimepewa, nimeambiwa nisiruhusu mwingine."

"Atakaa chini. Huwa anakaa chini."

"Si mimi, mama."

Ndani kengele ilipigwa, na shule nzima, ile shule yenye kelele ya kusikika mpaka barabarani, ikanyamaza. Kupitia nondo Amira aliona vichwa vikiinama, safu kwa safu.

"MAMA!" alisema kwa sauti yake bapa, kubwa, isiyojua ukubwa wake. "WAMEANZA?"

Dirisha la darasa la nne likafunguka. Alikuwa Mwalimu Evarista. Aliwatazama kwa muda, mkono umeshika komeo. Kisha akalivuta dirisha, akalifunga.

"Mnyamazishe mtoto," Hafidhi alisema. "Watu wako kwenye mtihani."

"Hajui kama anapiga kelele."

"Basi mtoe hapa. Nitaulizwa."

Walivuka barabara, wakasimama kwenye kibaraza cha duka lililokuwa bado halijafunguliwa. Anifa alidhani mtoto atalia, akajiandaa kwa hilo. Amira hakulia. Alikaa kitako kwenye saruji ile, akakunja miguu, akatoa daftari mkobani na kulifungua ukurasa safi. Aliandika tarehe juu kulia. Akaandika jina lake, na chini yake Darasa la Nne, akapiga mstari akitumia ukingo wa mkoba. Akaandika namba moja, akaizungushia duara kama alivyofundishwa.

Kisha akainua uso, penseli ikiwa tayari, akamtazama mama yake mdomoni, akisubiri swali.